Sauti ya Mwanamke Kwenye Kanda ya Saba

Binti yangu Madlena amemaliza! Kanda thelathini za marehemu mama yangu, kila sentensi ya Kisorbi, lugha yetu ndogo huku Ujerumani, aliyoitamka bibi yake, na kila neno limewekewa alama kwenye kompyuta, hili tendo, hili mtendaji, hili linaegemea lile, mishale inapishana mpaka macho yanauma, na hakuna mwingine kijijini kwetu aliyezaa mtoto wa namna hiyo, hata jirani yangu Krista mwenye mwana daktari wa meno.

Shikamoo, Shangazi Marta. Nimeropoka kabla ya salamu, unisamehe, habari ilinizidi. Nakuomba unishike mkono, maana chini ya furaha hii nina donda.

Mimi nimesoma madarasa manane tu, kisha nikatia matango kwenye chupa kiwandani mpaka mgongo ukakataa. Madlena alipokuwa na miaka mitatu walikuja watu wa chuo na mashine ya kurekodi, wakamketisha mama jikoni na lapa lake kichwani, kile kitambaa kikubwa kama mabawa, wakamwambia aongee tu, naye akaongea, wiki nzima. Kanda zikakaa kabatini miaka yote hiyo mpaka binti yangu, si mtoto wa mtu mwingine, akapewa kazi ya kuzichambua.

Jumapili iliyopita tulikuwa tunakula viazi na jibini laini, nimemtilia mafuta ya mbegu za kitani anavyopenda, akasema, “Mama, kwenye kanda ya saba bibi ananiimbia. Halafu anaingia mwanamke anasema kwa Kijerumani.”

“Anasema nini?” nikamuuliza, na huku najua.

“Anasema, ‘Mama, acha kumharibia mtoto ulimi. Lugha hiyo utazikwa nayo.’ Bibi anasema kwa Kisorbi, polepole, ‘Haya, basi nitaongea na kuku.’”

“Na huyo mwanamke ni nani?”

“Nimeandika msemaji hajulikani. Niongezee viazi, Mama.”

Shangazi, ni mimi.

Wakati ule nilikuwa naona haya hata kusimama kituo cha basi na mama, watu walivyolitazama lapa lake, nikasema mwanangu hatachekwa, Kijerumani chake kitakuwa safi kama shuka la Pasaka, nikampiga mama marufuku. Naye akashika neno lake. Miaka sita aliongea na kuku, nilimsikia dirishani akiwasimulia habari za baba, za mashamba ya kitani, akiwauliza maswali, akingoja, na mimi nikafunga dirisha. Akafa hajajibiwa. Madlena akaja kujifunza Kisorbi ukubwani, vitabuni, kwa wageni, hali mimi nakijua chote na sijamwambia kwa lugha hiyo hata “njoo ule”.

Na bado nimejitapa dukani kwamba lugha nilimpa mimi, pamoja na maziwa. Krista akacheka mbele ya watu: “Weee Grejta, maziwa yako yalikuwa ya Kijerumani tangu lini?”

Sasa kijiji kimealikwa ukumbini kuiona kazi yake, na sentensi aliyoichagua iandikwe kubwa ukutani ni hiyo ya kuku, na anataka niisome mimi, eti nina mdomo wa bibi. Nikikiri, nitampoteza mwanangu. Nikinyamaza, nitapigiwa makofi juu ya kaburi la mama. Nifanye nini?

Grejta, Mama Madlena

*

Grejta mwanangu,

Pole. Futa machozi kwanza, maana nitakukaripia.

Mtoto aliyeisikia sauti yako tangu yuko tumboni, anayepambanua kila kikohozi kwenye kanda thelathini, ashindwe na sauti ya mama yake? Hebu acha! Amekujua tangu neno la kwanza. Amekuletea mezani, wewe ukamuuliza “ni nani?” kama mpita njia, naye akaomba viazi ili usiaibike. Hakukuandika jina kwa sababu amekuachia ulitaje mwenyewe. Unaogopa kumpoteza, kumbe ni yeye anayekungoja, kama bibi yake alivyongoja kule kwenye banda la kuku.

Usidhani uko peke yako. Mwanangu wa kwanza nami nilimlea hivyo hivyo, kwa haya ile ile, na wengi wanaosoma ukurasa huu wa gazeti letu la hapa kwetu leo wameinamisha macho. Lakini haya ya wengi haipunguzi ya mmoja. Mama yako alitaka mtu wa kumjibu, ukampa kuku. Hilo halifutiki, usitafute dawa yake kwangu.

Linalowezekana ni hili. Kesho, siyo keshokutwa, mpikie Madlena, keti naye, umwambie “Yule ni mimi” kwa Kisorbi. Usianze kueleza mambo ya kituo cha basi. Akilia, mwache alie. Akiondoka, usimfuate mlangoni, atarudi. Kisha mwombe aandike jina lako pale palipo wazi. Halafu nenda kwa Krista ukayarudishe yale maziwa, kwa mdomo ule ule uliojitapa, maana yeye alikuambia kweli wakati sisi wengine tulikuwa tunakutazama tu.

Siku ya ukumbi, toa lapa la mama yako sandukuni, lipige pasi, livae. Soma sentensi yake. Ukiimaliza, usikae. Mjibu, kwa lugha yake, neno ulilopaswa kumjibu jikoni siku ile. Silijui, wewe unalijua. Sema kwa sauti, mlango wa ukumbi uwe wazi.

Mimi nitakuwa kiti cha mbele na fimbo yangu. Krista aje, na mwanawe wa meno aje, na kila aliyewahi kumfungia mama yake dirisha aje: Jumamosi ya pili ya Februari, saa nane mchana.