Hata Viti Vilishiriki

Mdogo wangu,

Jumatatu iliyopita nilikosa kazi niliyoomba ya kuinoa timu ya taifa ya sataranji ya wasichana, na kabla sijakueleza nilivyoikosa, nakusalimu wewe, wifi na watoto. Natumai mu wazima. Huku hatujambo, na goti la mama limepata nafuu kidogo.

Mwenyekiti wa kamati alifungua ile ensaiklopidia ya michezo unayoihariri, akasoma makala yangu kwa sauti: mchezaji wa kike, alishiriki ubingwa wa taifa mara saba. Basi. Akanitazama juu ya miwani akasema, mama, kushiriki hata viti vya ukumbini vilishiriki. Wakacheka. Nami nikacheka, maana ukinuna wanasema huna moyo wa michezo.

Kisha akasoma ya mwenzangu, yule bwana tuliyeomba naye kazi hiyo. Aya nne! Eti alimtoa jasho bingwa wa dunia. Siku ile yule bingwa mgeni alicheza na watu thelathini kwa mpigo, akizunguka meza hadi meza, na bwana huyo alifungwa kama wengine, ila alifungwa wa mwisho. Tangu lini kuchelewa kufungwa kukawa kikombe?

Nilipokupigia simu ulisema taratibu zenu hazihesabu ubingwa wa pointi sawa. Haya. Niliongoza mara nne. Mbili tulilingana, kikombe kikaenda kwa mwingine kwa hesabu za waamuzi. Toa hizo. Mbili zilizobaki ziko wapi? Mimi nakata vitambaa vya makochi tangu usichana wangu. Kitambaa kikipungua, wa kuulizwa ni mwenye mkasi. Andika mwaka, shindano, pointi ngapi kwa raundi ngapi, na nafasi niliyoshika. Tulipolingana, sema tulilingana. Na mwenzangu mpime kwa futi hiyohiyo.

Ukanung'unika kwamba uliogopa watu waseme unampendelea dada yako. Watu gani? Ofisini kwenu nani anajua tumetoka tumbo moja? Mimi natumia jina la marehemu mume wangu, nawe hukuwahi kufungua mdomo. Ulijificha, halafu ukanipunja mimi ili usionekane.

Sasa nikwambie linaloninyima raha. Nimemwandikia mhariri wenu mkuu kwamba wewe ni ndugu yangu, na makala yangu apewe mtu asiyenijua. Najua hana mzaha na undugu uliofichwa. Unaweza kupoteza kazi, na dawa za mama unazinunua wewe. Barua imo mkobani, sijaituma.

Kamati itakutana tena Alhamisi, kabla ya kumpa mwenzangu mkataba. Msalimie wifi, na watoto uwakumbatie kwa niaba yangu. Mama anakuombea, hajui lolote. Nakupenda, lakini si kwa kufutwa. Utamwendea mhariri mkuu mwenyewe umweleze, au niitume? Nijibu bila kuzunguka, kabla ya saa sita mchana Jumatano.

Dada yako,
Fundi Makochi