Baba na Ubingwa Wake wa Chesi

Syombua, siamini! Unajua vile baba hujisifu kwamba alikuwa bingwa wa chesi pale Kabati mwaka wa 1987? Leo Auntie Esha, yule nesi mstaafu, amekuja kututembelea akasema ukweli mbele ya wote.

ALISHINDWA! Na Esha! Na ni baba mwenyewe alimfundisha, miezi mitatu tu!

Sikia. Mchezo wao wa ubingwa ulipofika katikati, baba aliinamia ubao karibu saa nzima akipanga. Walimu wenzake wamesimama nyuma yake. Akasogeza askari mmoja, akawageukia, akawaeleza mpango wote. Kwa sauti! Askari watavamia mfalme, farasi aingie katikati. "Mtu bila plani anasukuma mbao tu."

Esha akauliza kwa upole, "Mwalimu, na malkia wako analindwa na nani?"

"Dada, wewe cheza."

Esha akacheza. Akamchukua malkia.

Baba akauliza, "Kwani plani yako ilikuwa gani?"

"Nikusikilize mpaka umalize, mwalimu."

Hapa nyumbani tumecheka mpaka machozi. Baba ameinuka, amesema anaenda kuangalia mbuzi. Syombua, wewe unajua hatuna mbuzi.