Uso wa Mama Chini ya Kitambaa

Kaka yangu,

Shikamoo. Hujambo huko, na wifi yangu hajambo? Na yule mtoto tunayemwona kwenye simu tu, ameanza kusimama au bado anatambaa na kula mchanga kama baba yake zamani? Sisi hapa ni wazima kiasi cha kuandika barua. Shangazi miguu inamsumbua, hasa ule wa kulia, ila mdomo haujapata hata mafua. Cherehani yangu inaendelea kunilisha. Usishangae kupata barua wakati simu ipo. Kila nikikupigia, Baba huvuta kiti karibu akingoja zamu yake ya kukusalimia, na haya ninayotaka kukuambia hayasemeki akiwa amekaa hapo.

Ni habari ya ile safari ya Juma Kuu. Najua Shangazi ameshakusimulia, tena kwa kelele, lakini alikusimulia ile nusu ya kuchekesha.

Tangu tumzike Mama, Baba alikuwa na neno moja tu: anataka kuzunguka makanisa ya visiwani alikopaka rangi sanamu ujanani, na amalizie kwa Mama wa Mateso. Sanamu hiyo unaijua kwa kusikia. Ndiyo ile aliyoipaka mwaka waliooana, akaipa uso wa Mama, pamoja na kidoti chake chini ya jicho la kushoto. Mama alipoiona mara ya kwanza alinuna wiki nzima, akasema ni mwanamume gani huyu anayemchora mkewe analia hata kabla hajamliza. Sasa Mama hakuacha picha ya maana, unajua alivyokuwa akiikimbia kamera. Kwenye picha za harusi yako amebaki mgongo na kilemba. Kwa hiyo ule uso wa kanisani ndio uso wa Mama pekee uliobaki duniani, na Baba alitaka kusimama mbele yake tena kabla hajafa. Hilo tu, hakuomba kingine.

Nilimshauri tusubiri Pasaka ipite. Juma Kuu sanamu zote zimefunikwa vitambaa vya zambarau, jamani, tuvuke maji kwenda kutazama vitambaa? Mimi ninavyo dukani. Akanijibu kwa ukali nisiouzoea kwamba sala ni sala, na kama mimi namjua Mungu kwa macho basi pole yangu. Shangazi akaniambia niache ubishi, mzee akishasema amesema. Nikafunga duka.

Tuliondoka Jumanne kwa boti ya asubuhi, sisi watatu. Baba alivaa miwani myeusi, akanishika mkono kuanzia gatini, akasema ni magoti. Kaka, nisikufiche, nilifurahi. Shangazi aliimba nyimbo za Kwaresima mpaka mawimbi yalipoanza, akaacha kuimba akaanza kutapika, na katikati ya kutapika akawa anatuamuru tumwombee. Kila kanisa tulipoingia Baba alisimama mbele ya kitambaa na kutueleza kilichomo ndani. Huyu alimpa viatu vya kahawia kwa sababu nyekundu ilimwishia. Yule alimkosea kidole, padri hakugundua mpaka leo. Watu waliokuwa wakisali waligeuka kusikiliza, na nilijiona mtoto wa mtu mkubwa.

Kwenye kisiwa cha pili alipishana mlangoni na padri mwenye kanzu ndefu, akamwinamia kwa adabu akamwambia, hujambo mama. Shangazi alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Padri naye akacheka, na Baba akacheka kuliko wote. Alhamisi Kuu, katika nyumba ya wageni ya masista, alimimina sukari mezani badala ya kikombeni, nami nikamfokea kwamba anatutia aibu. Nilifuta ile sukari huku nimekunja uso. Sikushtuka hata kidogo, na hilo linaniuma mpaka sasa ninapoandika.

Ijumaa Kuu tukafika kisiwa cha mwisho. Kanisa liko karibu mno na maji, kuta zimelowa hadi usawa wa madirisha. Njia ya Msalaba ilikuwa imekwisha na watu wametawanyika. Mtunza kanisa, mzee mwenye funguo nyingi kiunoni, alimkumbatia Baba akamwita fundi wangu, wakashikana kwa muda mrefu. Mama wa Mateso alikuwa ubavuni pa altare, amefunikwa kama wenzake. Basi Shangazi, unamjua, akaanza kumbembeleza mtunza kanisa atufunulie kidogo tu, tumetoka mbali, huyu ni mjane na ule ni uso wa marehemu. Baba alikataa. Alikataa kwa hasira, akasema wasivunje utaratibu wa kanisa kwa ajili yake. Lakini mtunza kanisa alishalainika, akasema Mungu ataelewa, akatoka kwenda kuchukua ngazi nyuma ya sakristia, na Shangazi akamfuata amsaidie. Hivyo tukabaki wawili.

Nilisogeza benchi kutoa nafasi ya ngazi, likakwaruza sakafu. Baba aliposikia hivyo alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akainua uso. Kisha akaanza kusema. Akasema rangi imevumilia. Akasema mashavu bado yana ule wekundu wa udongo, alioukorogea mara nyingi ndipo ukakubali. Akasema hata kidoti hakijapauka, nitazame mwenyewe kama huyu si Mama mtupu.

Kaka, kitambaa kilikuwa palepale. Kilikuwa kimefunika kuanzia kichwani hadi miguuni, kimefungwa uzi shingoni, na hakuna mtu aliyekuwa amekigusa.

Nikamjibu, ndiyo Baba, ni Mama mtupu. Ningemwambia nini? Akanyoosha mkono aguse miguu ya sanamu, na vidole vikakuta kitambaa. Akavipandisha polepole, magotini, kiunoni, na kote ni kitambaa. Mkono ukasimama. Sikujua kama mzazi anaweza kuona aibu kiasi kile mbele ya mwanawe. Nilimshika nikamkalisha kwenye benchi.

Akaniambia kwa sauti ya chini, kabla wale hawajarudi, kwamba alidhani ule mkwaruzo ni ngazi na kitambaa kimeshashuka. Ni presha ya macho. Alikwenda hospitali peke yake Kwaresima ilipoanza, daktari akamwambia jicho la kulia limekwisha, na la kushoto limebakiza mwanga wa pembeni. Anaona kivuli cha mtu akipita, na huo mwanga nao unaondoka. Dawa ya kurudisha hakuna. Nikamuuliza kwa nini basi tuje Juma Kuu. Akasema ndiyo wiki pekee ambayo mwenye macho na asiye na macho wanaona sawasawa mbele ya sanamu, na hakuna ambaye angemuuliza, Mzee, unamwonaje. Alitaka kusimama mbele ya mkewe bila kuhurumiwa na mtu.

Shangazi akaingia na upande mmoja wa ngazi, anahema, anamlaumu mtunza kanisa kwamba anatembea kama bwana harusi. Baba akanivuta sikio karibu, akasema maadamu wameileta, waache wafunue, nami nimtazamie kwa niaba yake.

Mtunza kanisa akapanda, akafungua uzi, kitambaa kikashuka. Si Mama, Kaka. Chumvi imeula uso wote. Shavu moja limebanduka hadi kwenye plasta, na la pili mtu amelipaka rangi ya mafuta ya waridi, kama mlango wa saluni. Macho yamechorwa upya, kila moja linatazama njia yake. Kidoti hakipo. Shangazi akafumbua mdomo aseme, nami nikamkanyaga ule mguu wake mbovu kwa nguvu zangu zote, Mungu anisamehe, Ijumaa Kuu. Akanitazama. Akamtazama Baba, ambaye alikuwa ameinua uso kuelekea upande ambao sanamu haipo. Na Shangazi, ambaye hakunyamaza hata msibani, akanyamaza.

Baba akauliza yukoje. Nikamwambia yuko vilevile. Nikamwambia mashavu ni yale ya udongo, na kidoti kipo, na chozi linang'aa kama limedondoka leo. Nilisema yote hayo nikiangalia ule uso wa mtu nisiyemjua. Akatikisa kichwa ameridhika, akasema Mama yenu alikuwa mzuri bwana, hata akilia. Kitambaa kikarudishwa. Kwenye boti nilikaa nimegeukia maji nikalia mpaka nyumbani, nikisingizia upepo.

Baba aliniapisha nisikuambie. Anasema utakuja mwisho wa mwaka, na anataka uje kwa hamu, si kwa huruma. Niliapa, na leo nimevunja kiapo, kwa sababu mwisho wa mwaka ni mbali na ule mwanga hautakungoja. Mwanao huyo Baba hajapata kumwona ana kwa ana. Bado anaweza kuona kivuli chake kikivuka mlango wakati wa asubuhi, jua likiwa nyuma yake. Kivuli tu, Kaka, lakini kitakuwa chake. Omba ruhusa kazini, na wakikunyima gombana nao, ila mlete. Akikuuliza habari za Mama wa kisiwani, mwambie nilikusimulia anavyopendeza, usiongeze neno.

Msalimie sana wifi yangu, na mtoto umbusu mashavu yote mawili. Shangazi anawasalimu. Baba naye anawasalimu bila kujua. Yuko hapo barazani anasikiliza redio.

Nakuomba jambo moja tu la mwisho. Ukifika, usisimame mlangoni kimya ukingoja akutambue. Toa shikamoo yako kwa sauti tangu nje. Wewe ndiye mtoto, ni wajibu wako kuanza, hatashuku kitu.

Ni mimi mdogo wako,
Mziwanda