Tundu la Tatu Kwenye Mshipi wa Osiako

Mwaka umetimia, Osiako, tangu tulipokulaza kaburini pale Khayega, Agosti 1996, mvua ikituingilia bila hata kupiga hodi.

Uliporudi kutoka masomoni ng'ambo ulituletea picha nyeusi zenye vidoa vyeupe. Ukasema hiyo ni miche ya tumbaku. Mlikuwa mmeitia jeni ya kimulimuli, mkaiunga na ile jeni ya mmea inayoamka ukibanwa na kiu au baridi. Basi mche ukiteseka hutoa mwanga hafifu, ambao kamera tu huuona gizani, na jani lenyewe bado bichi kabisa.

"Kwa hivyo mahindi yangu nayo yatawaka?" Mama akauliza.

"Yakiwaka tutaachana na mafuta ya taa," dada yako Ayuma akadakia, maana mzaha haumpitii.

Ulicheka, kisha ukasema polepole: "Jani ndilo la mwisho kusema, dada. Ukingoja jani, umechelewa."

Ulikuwa mpole. Hata miche yako ya mikebeni pale barazani uliiamkia kila asubuhi kabla ya kunywa chai.

Ndipo Ayuma akakukuta nyuma ya jikoni ukitoboa mshipi kwa msumari wa moto. Tundu la tatu hilo.

"Profesa, kwani huko ng'ambo mlikulanga picha za chakula?"

Tukaangua kicheko. "Mshipi umelegea tu," ukasema, ukicheka nasi. Hakuna aliyeuliza mara ya pili. Kufikia tundu la tano, hata obusuma, ugali wa Mama, uliusukuma pembeni ya sahani.

Jumapili iliyopita Ayuma alinusa ngozi ikiungua, nyuma ya jikoni ile ile. Mmoja wetu alikuwa ameinamia msumari. Hatumtaji, akisoma hapa atajijua. Ayuma alifungua kinywa atanie, mzaha ukamkwama.

"Mshipi umelegea tu," akaambiwa.

Wewe unayejijua: Jumatatu asubuhi na mapema Ayuma atakuwa mlangoni pako, amevaa viatu vya kwenda hospitali. Usimfungie. Bado u mbichi.

Osiako, unakumbukwa na mama yako Selpher, dada zako Ayuma na Emily, ndugu zako Wesley na Khisa, na kukhu, nyanya yako wa Shinyalu, ambaye bado anaimwagilia ile mikebe.

Hatutakusahau kamwe. Na safari hii hatungoji jani.