Presha Iliyoponea Madhabahuni

Kwako Mama Nyambu wa redio, nakuomba unisaidie maana hapa nyumbani nikifungua mdomo naambiwa sina imani. Mimi ni Linah wa Saboti, na mume wangu Bethwel ana presha, amekuwa akienda kliniki Kitale na kumeza dawa zake bila shida, mpaka mwezi uliopita nesi akampima na kuandika kwenye kitabu chake kwamba presha iko sawa, basi tukampelekea shemeji yangu Kipkemei kile kitabu atusomee, kwa sababu ana duka la dawa za mifugo na ndiye huwasomea ukoo mzima karatasi za hospitali, hata za wajawazito, naye akavaa miwani akasoma akasema ati Bethwel amepona kabisa. Chini yake nesi alikuwa ameandika aendelee na dawa zilezile, lakini shemeji akasema hayo huandikiwa kila mtu. Dawa zikatupwa chooni, tukachinja kondoo, mchungaji akainua kile kitabu madhabahuni watu wakapiga makofi, na Bethwel akatoa ushuhuda mpaka chakula kikapoa.

Sasa Mama, kichwa kinamuuma kutwa nzima, na tangu juzi mkono wa kushoto unakufa ganzi unaachilia unarudi tena, jana ameangusha kikombe cha chai, lakini hataki kusikia habari ya hospitali, anasema akionekana kliniki watu wataambiana kwamba alidanganya kanisa, na Jumapili hii mchungaji analeta wageni kutoka Kimilili waje wamsikie. Nimewaza nimpeleke Bungoma ambako hatujulikani, tufungue kitabu kipya kwa jina la kaka yangu Noah anayeuza vitunguu Chwele. Sasa swali langu ni hili, twende kabla ya wageni ama baada?

MAMA NYAMBU ANAJIBU

Linah, mkono wa bwanako unakufa ganzi na wewe unaniuliza ratiba ya wageni. Pole kwa kuishi na watu wanaokunyamazisha, hiyo naielewa. Lakini hii nyingine, hapana.

Presha ya Bethwel ilikuwa sawa kwa sababu alikuwa anameza dawa. Ni hivyo tu. Huyo Kipkemei anauza dawa ya kupe, si ndiyo? Muulize, ng'ombe akioga na kupe wakaisha, huwa anawaambia wateja wake waache kuogesha? Angefunga duka. Kwa ng'ombe ana akili timamu, lakini kwa ndugu yake alisoma mstari mmoja akaitisha kondoo wa kuchinja. Nesi aliandika mistari miwili, bana, na wa pili ndio uliokuwa na kazi.

Na hiyo safari ya Bungoma ni ujinga wa pekee. Hospitali ni nzuri huko, lakini kitabu kipya kitamwambia daktari kwamba Noah hajawahi kuugua. Hatajua ni dawa gani zilimfaa mgonjwa, wala kwamba aliziacha ghafla. Akizidiwa huko, utarudishwa nyumbani na karatasi ya kifo cha Noah, na Noah mwenyewe yuko Chwele anapima vitunguu. Utamweleza nini mkewe?

Nisikilize. Ganzi ya mkono mmoja, hata ikija na kuondoka, inaweza kuwa mwanzo wa kiharusi. Usingoje kliniki, usingoje Jumapili. Zima redio sasa hivi, tafuta gari, mpeleke Kitale upande wa dharura, na kitabu chake kilekile, chenye jina lake. Sema wazi kwamba aliacha dawa na sema ni lini. Usimpe kidonge chochote cha jirani njiani, na shemeji asipande hilo gari.

Mchungaji mpigie ukiwa hospitali, si kabla. Akikasirika, akasirike, hajambo yeye. Bethwel naye akigoma kwa sababu ya aibu, mwambie maneno haya bila kupunguza: hao wageni wa Kimilili watakuja tu. Wasipokuja kukusikia, watakuja kukuzika, na siku hiyo watakula pia, na ni mimi mjane wako nitakayewapikia.