Karatasi ya Kunyamaza Mpaka Kesho

Jumamosi, 5 Julai

Salama kwetu sote. Mamangu salama, ila goti. Binti yangu Fatuma salama, jino la mbele limetoka. Baba Swaleh salama, yuko njia ya Malaba na lori. Swaleh salama, kamaliza mihogo yote ya jana. Mimi salama kidogo. Daftari ni langu mwenyewe na bado naanza kama barua. Kuandika kwingine sikufunzwa, nilitoka darasa la tano.

Leo viazi vya kuuza nimekaanga nusu nikaacha. Mkutano wa wazazi wa kidato cha tatu shuleni kwa Swaleh. Wameanzisha somo la udereva na ulevi, kila Jumamosi, maana vijana wanaendesha pikipiki hawana leseni na mnazi wamekunywa. Afisa wa trafiki alisema robo saa kwa Kiingereza. Nilikasirika. Watoto wetu wanaanguka kwa Kiswahili.

Baadaye Mwalimu Riziki akagawa karatasi, Kiswahili safi. Mtoto anaahidi hataendesha amelewa, wala hatapanda chombo cha mlevi, atapiga simu nyumbani. Mzazi anaahidi atamfuata popote, na hatamgombeza mpaka kesho yake. Nikaisoma mara tatu kwa kidole. Mpaka kesho yake. Mimi huyu nisiyenyamaza. Nikatia sahihi. Swaleh akatia yake, akaibandika ukutani kwa uji wa ngano, juu ya mtungi.

Baba Swaleh alipiga jioni, nikamweleza. Akasema hiyo ni karatasi ya kumruhusu mtoto alewe, halafu mamake amwendee na tuktuk kama bwana harusi. Yeye kaendesha tangu ujana na hakufunzwa na karatasi. Nimechoka kubishana na mtu aliye mbali.

Jumamosi, 12 Julai

Swaleh kachukua mafuta yangu ya kukaangia akapeleka shuleni. Ni ya somo. Miwani ya zamani inapakwa mafuta vioo, mwanafunzi anaivaa, anafuata mstari wa chaki. Ati ndivyo mlevi aonavyo. Swaleh kajigonga kwenye mlingoti wa bendera. Ananihadithia anacheka mpaka kakaa chini.

Pia wana ubao uliochorwa mji, na vigari vya kuchezea. Kila mmoja anaeleza nani apite kwanza. Kanionyesha mezani kwa viazi. Kiazi kikubwa ndilo lori la babake. Nilifurahi sana, nikachelewa kukaanga.

Kisha Kombo akapiga honi nje. Kombo ni jirani, miaka ishirini, mwenye pikipiki ya abiria. Hata asubuhi ananuka mnazi. Anamwachia Swaleh aendeshe. Nikasema usiende. Kaenda. Moyo hautulii.

Jumapili, 20 Julai

Nimeharibu.

Alasiri simu ililia. Swaleh. Mama, njoo, niko Utange kwenye mangwe. Kwenye mangwe, wanapouza mnazi. Nikaacha karai motoni, mamangu na goti lake akaja kuzima. Nilipanda tuktuk na unga mikononi.

Alikuwa amekaa kwenye gogo nje. Kombo ndani anaimba. Swaleh akasimama, akasema, Mama. Neno la pili sikumwachia. Nikaanza papo hapo mbele ya wanywaji, na njia nzima mpaka kwetu Mishomoroni. Mlevi wewe. Nakukaangia viazi ukue, nawe waja kukulia mangweni. Dereva wa tuktuk akawa ananisaidia kusema. Nyumbani nikampigia babake, nikaweka sauti kubwa. Naye akamwaga yake. Majirani wote wamesikia.

Swaleh alikwenda ukutani akaibandua karatasi.

"Kesho haijafika, Mama."

Basi. Akaingia chumbani.

Jumatano, 23 Julai

Mama Kombo amekuja kunishukuru. Mimi sijui nashukuriwa nini. Kumbe siku ile Swaleh alimnyang'anya Kombo ufunguo wa pikipiki, akauficha soksini. Magharibi akampelekea Mama Kombo mkononi. Na Swaleh hakuwa amekunywa, anasema, hata harufu.

Sikumnusa. Sikumwuliza. Nilisimama mlangoni, hata maji nikasahau kumkaribisha mwenzangu.

Nikimwita Swaleh, ananijibu labeka. Nikimtuma, anakwenda. Zaidi ya hapo hapana. Nimemwambia nimekosa, mwanangu. Akasema si kitu. Hiyo si kitu yake inaniuma kuliko kama angenifokea.

Nimempigia babake, nikamwomba naye aseme neno kwa mtoto. Akauliza tangu lini baba akamwomba mwana radhi. Simu ikakatika. Au aliikata.

Jumamosi, 2 Agosti

Harusi Shanzu. Swaleh kaenda na Kombo. Sikumkataza, ningemkataza kwa mdomo gani. Asubuhi nilimwekea salio kwenye simu.

Tangu adhuhuri nimekaa na simu mapajani. Viazi vimeungua. Fatuma akaniuliza nasubiri nani, nikamfukuza bure, maskini. Haikulia.

Saa kumi na moja akaingia, miguu vumbi, kandambili moja imekatika kaishika mkononi. Ametoka Shanzu kwa miguu. Kombo alikuwa amelewa, Swaleh akakataa kupanda. Akatembea. Jua lote lile. Na simu ina salio, nililiweka mimi.

Nikampa maji. Akanywa, akasema ahsante, akaenda kuoga.

Baada ya isha tumepata habari. Kombo ameanguka na pikipiki Bamburi, mkono umevunjika. Nyuma hakuwa na mtu.

Nimemshukuru Mola. Kisha nikalia kwa hasira. Mwalimu Riziki ndiye aliyemwokoa mwanangu. Mimi ndiye niliyemtembeza.

Jumapili, 3 Agosti

Nimeandika karatasi yangu. Mwandiko mbaya, lakini ni wangu. Kwa mwanangu Swaleh. Bibi yako salama, Fatuma salama, viazi salama. Popote utakapokuwa nipigie upesi, usingoje. Sitasema mpaka kesho yake. Wallahi. Mamako.

Nikaibandika juu ya mtungi pale pale. Amekuja kuchota maji, kaisoma, kanywa. Hakuibandua.

Jumamosi, 16 Agosti

Simu imelia baada ya alasiri. Mama, njoo. Shelly Beach, na wenzake wa darasani. Mmoja kaja na gari la babake, na wamekunywa. Nimevuka feri nimesimama, kama kusimama kutaiharakisha.

Nimemkuta mchangani, ufunguo wa gari kaukamata ndani ya ngumi. Ananuka. Leo kanywa kweli, mpaka shati lanuka. Wenzake wawili nimewapakia tuktuk pia, nikawashusha kwao mmoja mmoja.

Niliuma pembe ya leso. Feri nzima. Tuktuk nzima. Dereva akaniuliza, mama, jino? Nikaitikia kwa kichwa. Tulipokaribia Kisauni Swaleh akaniegemea begani. Akasema, Mama, sema tu. Nikatikisa kichwa.

Babake amepiga. Nimemwambia mtoto yuko nyumbani, mzima. Akasema kesho apewe simu, ana neno naye, si la kumgombeza.

Swaleh amelala. Viatu nimemvua. Ufunguo wa watu uko kwenye bakuli la chumvi, asubuhi nitampelekea mwenye gari. Karatasi iko ukutani.

Kesho nina mengi.