Wanunuzi Wasiouliza Choo

Kwa mpwa wangu mpendwa,

Pokea salamu za mtu ambaye mtaa huu hauuzi hata tofali bila kwanza kumpigia hodi. Natumai u mzima na kazi inakwenda. Mimi ni mzima kama chuma cha reli. Juzi daktari alinipima presha akawaita wenzake waje waone. Mke wangu anakusalimu, anasema kwenye picha umekonda.

Barua yako nimeipata. Umeuliza kwa adabu, lakini adabu yenye mwiba naijua: kwa nini nyumba ya marehemu mama yako, tunamokaa tukikutunzia, haijauzwa mpaka leo, ilhali dalali anakuambia wanunuzi wanapigana vikumbo, na kile kiwanja unachokitaka huko kazini kwako hakitakungoja. Swali la haki. Tulia nikueleze, maana hapa nimezuia balaa.

Wanunuzi hawa si wa kawaida. Mtu anayenunua nyumba hugonga ukuta, hufungua bomba, hutazama dari kama linavuja. Hawa hawatazami kitu. Walikuja mume na mke, viatu vinang'aa. Nikawaonyesha makusudi ule ufa wa jikoni unaopitisha kidole, nione watasemaje. Mume akasema ufa hauna neno. Kisha wakamtembeza binti yao kutoka getini kwetu mpaka lango la shule ya msingi, baba kakazia macho saa. Akaja nesi mmoja, swali lake moja tu: nyumba iko upande huu wa mfereji au ng'ambo? Choo hakukiuliza. Nyumba isiyoulizwa choo, mpwa wangu, ina mkono wa mtu.

Na ng'ambo ya mfereji kuna nyumba ya vigae, ina tangi la maji na maua hadi mlangoni. Imeandikwa "Inauzwa" mpaka rangi imepauka, na anayebisha hodi pale ni mbuzi tu. Wanasema kizuri chajiuza. Mbona basi kibovu chetu ndicho kinagombaniwa?

Kwanza nilidhani madini. Nikachimba kidogo nyuma ya choo, nikafika kina ambacho nilisikia watu wa upande wa pili wa dunia wakigombana. Sikupata kitu ila kijiko cha mama yako.

Nikamwendea fundi cherehani wa pale kona, anayeshona sare. Akanicheka mpaka uzi ukakatika. Akasema, mzee, madini ni hiyo shule. Tangu aje mwalimu mkuu mpya watoto wanafaulu, na shule inapokea kwanza wakazi wa upande huu. Nafasi zikibaki ndipo wa ng'ambo, na hazibaki. Watu hawanunui kuta za dada yako, akasema, wananunua dawati. Yeye mwenyewe kapandishiwa kodi ya kibanda kwa ajili ya shule hiyohiyo, na mtoto wa kusoma hana.

Mimi si wa kulishwa maneno. Nikaona mwalimu mkuu na dalali lao moja: huyu anafaulisha, yule anapandisha bei, wanagawana. Mume na mke wale nikawaambia paa lina nyuki. Dalali akaniita mchawi wa biashara. Nikamjibu kwamba mchawi ni yule anayeniharakisha.

Jioni moja nikaona taa zinawaka darasa la mwisho, watu wazima wanaingia mmojammoja. Nikasema leo nimewanasa kikaoni. Nikausukuma mlango. Mwalimu mkuu alikuwa ubaoni, chaki mkononi, na mbele yake, wamebanana kwenye madawati ya watoto, muuza mkaa, mama wa genge na wengine nisiowajua. Dalali hakuwemo. Mwalimu yule hakushtuka. Akauliza nakaa upande gani wa mfereji. Nikasema huu. Akasema basi niketi, na nifunge mlango, mbu wanaingia.

Nikaketi.

Mpwa wangu, lile ni darasa la jioni la watu wazima, na sharti lake ni lilelile: ukihama upande huu, kiti anapewa mwingine. Nilijua tangu jioni ile kwamba mwalimu hagawani chochote na dalali. Lakini nesi aliporudi mara ya pili, nilimwambia shule inahamishwa, naye akaenda zake. Hilo sikulifanya kwa kukulinda wewe. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe ni mimi.

Jana nimemfuata nesi kazini kwake nikamweleza kwamba shule haiendi popote. Amenitazama kama mgonjwa wake, lakini Jumamosi anakuja na mumewe na dalali. Bei usishushe, ufa nitauziba mwenyewe. Sisi tutapanga ng'ambo, kodi huko ni nafuu. Nakuomba tu funguo nizikabidhi baada ya mtihani wetu, ukiridhia.

Wasalimie wote hapo. Mke wangu usimwambie kitu, maana anajua kila jioni naongoza kamati ya ulinzi ya mtaa. Kamati haipo. Nimekalishwa dawati la mbele kwa sababu naongea sana, na kugawanya bado kunanishinda.

Ni mimi, mjomba wako.